Niliishiwa kitambaa nikapachika kiraka, Kariakoo wamekopi mpaka kiraka. Huu mshono ni wa nani?

mkasi_butu (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, sitamlaumu.

Mimi ni fundi cherehani, niko Sinza, mwaka wa kumi na moja huu. Nina vyerehani vitatu, viwili vya miguu na kimoja cha umeme, na vijana wawili wa kunisaidia. Kwenye bango nimeandika "mbunifu wa mavazi", maana ukiandika "fundi" watu wanakuletea suruali za kupunguza tangu asubuhi hadi jioni.

Mwezi wa tatu alikuja mteja wa sendofu. Kitenge chake kilikuwa doti, ila alishamkatia dada yake kilemba na kimkoba, kwa hiyo nilichopewa kilipungua. Anataka gauni refu, mikono ya puto, mgongo wazi kidogo. Nikakata mbele, nikakata nyuma, nikakata mikono. Kuja kuunganisha, kwapani hapakutani. Panapungua kama vidole vitatu, na saa ni nne usiku, sendofu ni kesho. Nikachukua chakavu cha kitenge kingine, cha bluu, nikakata pembetatu, nikaipachika kwapa zote mbili ili ionekane nimekusudia. Asubuhi yake mteja akavaa, akainua mikono mbele ya kioo, akapiga kigelegele. Mimi nyuma yake nilikuwa nimeshika roho.

Picha zikapanda Instagram. Wiki ile ile wakaja saba wanataka "ule wa pembe ya kwapani". Nikaupa jina kabisa, nikapandisha bei mpaka 85,000. Nikajiona nimefika.

Wiki ya nne niko Kariakoo, Mtaa wa Kongo, natafuta zipu na bitana, naliona gauni langu linaning'inia. Rangi tatu. Bei 25,000, ukilalamika 22,000. Na kilichonimaliza si bei. Duka lile lina majora ya vitenge mpaka darini, hawajaishiwa chochote, lakini kila gauni lina pembetatu ya bluu kwapani. Wamekopi mpaka shida yangu.

Nikamwuliza kijana wa duka mshono huu wameutoa wapi. Akanijibu bila kupepesa, "Dada, hii modeli ya Uturuki."

Sasa nauliza. Kwanza, kuna pa kwenda kushtaki? Pili, na hili ndilo linaninyima usingizi, kwenye nguo kuna kitu mtu anaweza kusema ni changu? Maana nikikaa nikifikiria, gauni ni tundu la kichwa, matundu mawili ya mikono na pindo. Binadamu hajabadilika umbo.

---

temeke_damu

"Modeli ya Uturuki." Pole sana dada, lakini nimecheka hadi nimeamsha mtoto. Nakaa kiti cha mbele.

---

wakili_wa_kijiweni

Pole mleta uzi. Nijibu swali la kwanza, la pili nawaachia wanafalsafa.

Jina ulilolipa na nembo yako unaweza kusajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kama alama ya biashara. Hapo mtu akiuza gauni kwa jina lako unamshika. Lakini huyo wa Kariakoo hakuchukua jina, yeye kachukua mshono. Mchoro wako wa kwenye karatasi ni kazi ya sanaa, upo chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, unaenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Swali ni je, uliuchora? Nijuavyo mafundi, mnachora kwa chaki juu ya kitambaa, mkimaliza mnakung'uta. Ushahidi umekung'utwa.

Wenzetu Kenya wana usajili wa bunifu za viwandani kwenye taasisi yao iitwayo KIPI, miaka 5, unaongezwa mara mbili hadi 15. Umoja wa Ulaya wanakwenda mbali zaidi, bunifu ambayo hata haikusajiliwa inalindwa miaka 3 tangu ionekane hadharani. Waliweka hivyo wakijua nguo haziishi muda mrefu sokoni.

Marekani sasa, nchi ya mawakili, ndiyo itakuvunja moyo. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Star Athletica na Varsity Brands kuhusu sare za mabinti wanaoshangilia mechi. Wakasema mistari na michoro iliyo juu ya nguo, kama unaweza kuiwazia peke yake nje ya nguo, inaweza kupata hakimiliki. Umbo la nguo lenyewe, yaani mkato, halimo. Machoni pa sheria gauni ni kifaa cha matumizi, ndugu moja na koleo.

Kwa hiyo kile mnachokitolea jasho nyinyi mafundi, mkato, ndicho kisicho na mlinzi. Na hata ungekuwa na kesi nzuri, mpaka ipate tarehe ya kutajwa, huo mshono utakuwa umeshavaliwa mpaka na mabinti wa mama lishe.

---

mkasi_butu

Umenimaliza. Na kweli nilikung'uta.

---

mchokozi_halali

Mimi niulize swali la kichokozi, msinipige mawe. Dada, hiyo mikono ya puto uliitoa wapi? Na hicho kitenge alikichora nani?

Tuanze na kitenge, maana watu wanakiita "vazi letu la asili" huku wamekunja ngumi. Wajava wa Indonesia walikuwa wanachora batiki kwa nta, kwa mkono, siku hadi siku. Waholanzi, waliokuwa wakiwatawala, wakaona biashara. Viwanda vya Uholanzi vikaiga ile batiki kwa mashine ili viwauzie Wajava wenyewe. Kampuni ya Vlisco ya mji wa Helmond, iliyoanzishwa 1846, ndiyo maarufu mpaka leo. Mashine ikatumia utomvu badala ya nta, na utomvu ukawa unapasuka. Rangi ikipita kwenye nyufa inaacha mishipa mishipa na madoa. Wajava, wanaoijua batiki, wakaona uchafu ule. Afrika Magharibi wakaupenda, kwani hakuna yadi mbili zinazofanana.

Kosa la mashine likawa urembo! Halafu vikaja viwanda vya bei rahisi, vingi siku hizi vya China, vinachapa kitenge kwa roli, hakuna nta wala utomvu, na vile vipasuko wanavichora. Umeelewa, mkasi_butu? Wanachora ufa mahali pasipopasuka kitu. Pembetatu yako ya bluu ina ukoo mkubwa.

Kwa hiyo kabla hujamwita mwenzako mwizi, wewe umesimama juu ya kitambaa cha Mwindonesia kilichoigwa na Mholanzi kikaigwa na Mchina.

---

liputa_ya_lushi

Miye niko Lubumbashi. Mchokozi anasema kweli, lakini anasahau jambo moja. Kiwanda kinatuma kitambaa na namba tu. Jina linatoka sokoni. Wamama wa Lomé, kule Togo, wale waliitwa Nana Benz sababu ya magari yao, ndio walitia majina, na kitambaa bila jina kilikuwa kinalala dukani. Kuko kimoja cha ndege wanatoka katika kizimba, kinaitwa "ukitoka, na mimi natoka". Bibi anakivaa siku bwana amelala inje. Mholanzi alichora ndege tu. Ule ujumbe alitia nani?

---

mwana_wa_likoni

Hapo kwenye jina ndipo Mombasa twaingia. Leso, yaani kanga, mwaijua ilivyoanza? Mwishoni mwa karne ya 19, wanawake wa Pwani na Unguja walinunua vitambaa vya leso za mkono vikiwa bado havijakatwa, wakaviunga pamoja wakapata nguo moja ya kujitanda. Neno lenyewe la Kireno. Wafanyabiashara walipoona ndipo wakaanza kuagiza zikiwa zimechapwa nzima. Duka la Kaderdina Hajee Essak, hapa Mombasa tangu 1887, ndilo latajwa kuwa la kwanza kutia jina, yale maneno yanayochapwa kwenye leso, kwanza kwa herufi za Kiarabu. Alama yao ya "Mali ya Abdulla" mwaiona hadi leo. Nguo zenyewe zikichapwa Ulaya, baadaye India na Japani.

Sasa mbunifu ni nani hapo? Yule mama wa kwanza aliyeshika sindano akaunga leso sita, jina lake hatulijui.

Lakini mchokozi, usitufanye wote wajinga. Kuiga ni jambo moja, kufunga mlango ukishaiga ni jambo jingine. Miaka ya 2007 hivi kulitokea kampuni ya Uingereza ikaomba neno "Kikoy" liwe alama yake ya biashara. Kikoi! Wakenya wakapinga, lile ombi likaachwa. Lingepita, mfumaji wa kwetu angepeleka kikoi London aambiwe alipie neno la nyanya yake. Mwaka 2011 Louis Vuitton wakapandisha jukwaani nguo za kiume zenye mirabaraba ya shuka za Kimaasai, Wamaasai wakatazama kwenye simu kama sisi. Wakubwa wakiiga wanaita "msukumo". Fundi wa Kongo Street akiiga ni mwizi.

---

mkasi_butu

Nimesoma yote. Mchokozi umenikera jana, leo nakujibu kwa utulivu.

Mikono ya puto niliitoa kwenye picha ya shangazi yangu, Tabora, 1974. Iko kwenye fremu sebuleni kwa baba. Shangazi kasimama kando ya baiskeli, gauni la mikono imevimba mpaka unadhani ataruka. Na nijuavyo shangazi, naye aliiona kwenye jarida la mtu, akampelekea fundi wake. Kwa hiyo sawa, nakubali. Sikuumba kitu.

Lakini niruhusuni niseme kitu ambacho mtu asiyeshona hawezi kukijua. Ile picha haikuniambia mkono ule umekatwaje. Picha inakupa umbo la nje tu. Niliharibu mikono minne ya kitambaa cha marekani kabla sijajua marinda yaanzie wapi begani ili puto lisimame na lisilale kama soksi. Ile kazi ya kuharibu ndiyo nadai. Sidai puto. Sijui kama naeleweka.

---

fundi_fumua

Unaeleweka sana. Mimi sikusomea popote, shule yangu ni mitumba ya Karume. Nilikuwa nanunua koti bovu kwa elfu mbili, nakwenda nyumbani nalifumua lote kwa wembe, kipande kwa kipande, nakipanga sakafuni kama kuku aliyechinjwa. Ndani ya koti la Mjerumani kuna mambo! Unakuta kola ina kitambaa cha pili kilichokatwa kidogo zaidi ya cha juu ili ijikunje yenyewe. Huwezi kuona hilo nje hata ukiwa na miwani. Miaka sita nimefumua.

Je, mimi ni mwizi? Nimekopi kila kitu. Ila leo mteja akija na tumbo kubwa na bega moja limeshuka, hakuna koti la mtumba linalonifundisha huyo. Huyo namkata mwenyewe.

---

kipusa_wa_chuo

Nasomea ubunifu, ngoja niwape kisa. Paris, miaka ya 1920, kulikuwa na mshonaji anaitwa Madeleine Vionnet, naye alikuwa anaibiwa hivyo hivyo. Alichofanya, kila gauni likiisha analipiga picha mbele, nyuma na ubavuni, anahifadhi kwenye albamu. Na kwenye lebo akawa anapiga alama ya dole gumba lake. Yaani gauni bila dole si lake. Mkasi_butu, angalau piga picha kabla ya kukung'uta chaki.

---

temeke_damu

Dole gumba kwenye nguo? Mteja atadhani anajiandikisha kitambulisho cha NIDA.

---

kipusa_wa_chuo

😂 Basi kingine, hiki ndicho kinanichanganya mimi mwenyewe. Dapper Dan wa Harlem, New York. Alifungua duka mtaa wa 125 mwaka 1982. Alikuwa anachapa nembo za Gucci, Louis Vuitton na Fendi kwenye ngozi, bila ruhusa ya mtu, anashona makoti ambayo kampuni zenyewe hazikuwahi kuyawaza, wanavaa wanamuziki wa rap na mabondia. Wakamwandama kwa kesi na upekuzi hadi akafunga mwaka 1992. Mwizi, si ndiyo?

Mwaka 2017 Gucci wanafanya onyesho Florence, linatoka koti la mikono ya puto (mikono ya puto tena, dada!) lenye nembo mikononi. Watu wakaenda kufukua picha ya 1989. Dapper Dan alimshonea mwanariadha Diane Dixon koti lile lile, mikono ikiwa na nembo za Louis Vuitton. Gucci walibadilisha herufi tu. Mtandao ukawaka moto, Gucci wakasema walikuwa wanamuenzi, mwisho wakampa mkataba na mwaka uliofuata karakana Harlem, na safari hii wakampa vitambaa vyao wenyewe.

Sasa nambieni. Nembo ilikuwa yao, koti lilikuwa lake. Nani alimwibia nani?

---

mchokozi_halali

Mwenye kelele nyingi mtandaoni ndiye mwenye mali. Hiyo ndiyo sheria pekee inayofanya kazi.

---

mama_sare

Mimi nashona sare za harusi na kitchen party, watu arobaini kwa mpigo. Nyie mnaongelea sanaa, kwangu mteja anakuja na picha kwenye simu anasema "hivi hivi, usibadilishe". Ukibadilisha kitufe analia. Tatizo lingine mnalikwepa, wateja wetu hawataki kipya! Wanataka alichovaa fulani. Mkasi_butu, wale saba waliokuja kwako, kuna hata mmoja aliyesema "nishonee ambacho hakuna mwenye nacho"?

---

mkasi_butu

Hakuna. Wote walisema "kama wa yule".

---

mzee_wa_darajani

Assalaam alaykum nyote. Miye si mtu wa kuandika humu, mjukuu wangu ndiye aliyenisomea huu uzi tangu jana, na leo namtaka yeye anichapie. Nimeshona kanzu Darajani, Unguja, tangu mtawala akiitwa Sultani. Macho sasa yamechoka.

Mwanangu wa Sinza, nimeonyeshwa picha ya gauni lako. Hicho ulichokipachika kwapani kina jina. Chaitwa kikwapa.

Kanzu ina badani mbele na nyuma. Ina taharizi ubavuni. Ina jabali mgongoni, ina sijafu mwisho wa mkono, na chini ya mkono ina kikwapa. Kila kipande na jina lake, na kila jina na sababu yake. Kikwapa kipo kwa kuwa mtu anayeswali huinua mikono. Kanzu isokuwa nacho, ukiinua mikono hupanda yote, na ukilazimisha huchanika. Na babu yangu, alonifunza kazi, kikwapa akikitoa kwenye mabaki, maana nguo ilikuwa ghali na hatupi kitu. Kwa hiyo hata shida yako si mpya.

Lakini nitakwambia kosa lako, usinune. Wewe umekikata wima, kufuata uzi wa nguo. Nguo ikikatwa kufuata uzi haivutiki. Kikwapa hukatwa mshazari, kupita uzi kiupande, ndipo kinanyumbuka mkono ukinyanyuka. Hicho chako kitakaa miezi miwili, mitatu, kisha kitafumuka pale kwenye ncha. Na hao waliokuiga kwa picha wameiga na kosa.

---

kipusa_wa_chuo

Mzee wangu shikamoo! Huo mshazari ndio uliompa Vionnet jina dunia nzima. Tumefundishwa muhula mzima kana kwamba umezaliwa Paris. Hakuna aliyetuambia neno "kikwapa", na kanzu tumeziona barazani kila Idi.

---

mkasi_butu

Shikamoo babu. Nimesoma mara tatu. Nimekwenda kuchukua kanzu ya mume wangu kabatini nikaigeuza ndani nje. Kiko pale pale. Nimeifua miaka tisa, nimeipiga pasi miaka tisa, na sikuwahi kukiona.

Nilikuwa nimekuja humu kulia kwamba nimeibiwa kitu changu. Sasa sijui nilie nini. Ila babu, nina swali la kazi tu. Kwenye mkono wa puto, ambao tayari una upana, kikwapa kiwe na ukubwa gani?

---

mzee_wa_darajani

Marahaba mwanangu. Kwenye puto kifanye kidogo, maana mkono una nafasi, ila badani haina. Kata mraba wa vidole vinne, uweke pembe moja juu kwenye mkono na moja chini kwenye badani. Usikate pembetatu. Shona ncha kwa mkono, usitie cherehani mpaka umezoea. Na hiyo rangi ya bluu iache, imependeza. Sisi hatukupata kuthubutu rangi nyingine, kikwapa kilikuwa cheupe kama kanzu, kisionekane.

---

wakili_wa_kijiweni

Kwa hiyo tumepata mgawanyo wa mali: puto la shangazi, kitenge cha Helmond, kikwapa cha babu, bluu ya mkasi_butu. Kesi imefungwa, kila upande ubebe gharama zake.

---

baba_wawili

Jamani mimi nimefuatilia kimya siku nzima kwa aibu, sasa niseme tu. Hilo gauni la Kariakoo nilimnunulia mke wangu. 23,000, rangi ya machungwa. Nilimwambia ni la Uturuki 🙈. Jumapili kanisani kwaya wameinua mikono, kwapa la kulia likasema "praa". Limefumuka pale pale anaposema mzee, kwenye ncha. Mkasi_butu, naomba kuuliza kwa heshima, unatengeneza? Au ndiyo nimeshaingia kwenye orodha ya maadui?

---

mkasi_butu

Lete kaka. Elfu tano kwapa zote mbili. Ila uje nalo wewe mwenyewe na shemeji aje, nataka ainue mikono nikimpima. Njoo kuanzia saa nane, asubuhi nina sare za watu, na chakavu cha bluu kimebaki kidogo sana.